Televisheni ya uhalisia

Televisheni ya uhalisia ni aina ya vipindi vya televisheni vinavyoonyesha watu, ambao kwa kawaida si waigizaji, wakiishi, wakishindana au wakigombana mbele ya kamera bila kukariri maneno yaliyoandikwa. Magazetini na mitaani vipindi hivyo huitwa pia *rialiti shoo*.

Mifano michache ilikuwepo tangu miaka ya 1940, lakini aina hii ilienea duniani baada ya kipindi cha *Big Brother* kuanza nchini Uholanzi mwaka 1999. Tangu hapo imekuwa ikitajwa mara nyingi kama ushahidi kwamba ubora wa televisheni umeshuka. Hata hivyo, kuenea kwake hakuwezi kuelezwa kwa ladha ya watazamaji peke yake. Sababu kubwa ni gharama: vipindi hivi hujaza saa za matangazo bila waigizaji wa kulipwa fedha nyingi na bila miswada iliyoandikwa kwa ukamilifu.

## Aina

Vipindi vya uhalisia hugawanywa kwa kawaida katika makundi yafuatayo:

* Vipindi vya kufuata maisha, ambapo kamera huandamana na familia, marafiki au wafanyakazi wa mahali fulani.
* Vipindi vya jumba, ambapo washiriki hufungiwa pamoja na kurekodiwa usiku na mchana.
* Mashindano ya kuondolewa, ambapo mshiriki mmoja hutolewa kila wiki mpaka abaki mshindi.
* Mashindano ya kutafuta vipaji vya kuimba, kucheza, kupika au kubuni mavazi.
* Vipindi vya kutafuta mchumba.
* Vipindi vya kubadilisha sura, mavazi au nyumba ya mshiriki.

Kipindi kimoja kinaweza kuchanganya aina mbili au zaidi. *Big Brother*, kwa mfano, ni kipindi cha jumba na pia shindano la kuondolewa.

## Historia

### Mwanzo

Mfano wa zamani unaotajwa mara nyingi ni *Candid Camera* cha Marekani, kilichoanzishwa na Allen Funt mwaka 1948 baada ya kufanya kipindi cha namna hiyohiyo redioni. Watu wa kawaida walitegewa vituko huku wakirekodiwa kwa kamera iliyofichwa, kisha wakaambiwa ukweli.

Mwaka 1973 kituo cha umma cha Marekani, PBS, kilionyesha *An American Family*, mfululizo wa sehemu 12 kuhusu familia moja ya Santa Barbara, California. Katika mfululizo huo watazamaji waliona ndoa ya wazazi ikivunjika. Mwaka uliofuata BBC ya Uingereza ilionyesha *The Family*, kuhusu familia ya wafanyakazi katika mji wa Reading. Mifululizo hiyo miwili ilitengenezwa kama filamu za hali halisi. Haikuwa na zawadi wala mshindi.

Mwaka 1989 kituo cha Fox kilianzisha *Cops*, kipindi kinachofuata askari polisi kazini. Mwaka 1992 chaneli ya MTV ilianza *The Real World*, ambamo vijana saba waliishi pamoja katika nyumba moja mjini New York. Watayarishaji wake, Mary-Ellis Bunim na Jonathan Murray, walikuwa wamekusudia kwanza kutengeneza tamthilia ya vijana. Gharama ya waandishi na waigizaji ilipoonekana kuwa kubwa mno kwa chaneli hiyo, tamthilia iliachwa, wakachukuliwa vijana wasio waigizaji.

### Kuenea tangu 1997

Mwaka 1997 televisheni ya Sweden ilionyesha *Expedition Robinson*, shindano la kuishi kisiwani lililotokana na wazo la Mwingereza Charlie Parsons. Tarehe 16 Septemba 1999 kampuni ya Endemol, chini ya John de Mol, ilianzisha *Big Brother* nchini Uholanzi. Jina lake limetoka katika riwaya ya George Orwell iliyochapishwa mwaka 1949, ambamo Big Brother ni mtawala ambaye serikali yake huwachungulia raia hata ndani ya nyumba zao.

Marekani ilichukua wazo la *Expedition Robinson* na kulipa jina la *Survivor*. Kipindi hicho kilianza kwenye CBS tarehe 31 Mei 2000, na sehemu ya mwisho ya msimu wa kwanza, mwezi Agosti, ilitazamwa na watu zaidi ya milioni 50. Mwaka 2002 ukafuata *American Idol*, kilichotokana na *Pop Idol* cha Uingereza. Baadaye kiliongoza kwa idadi ya watazamaji nchini Marekani kwa misimu minane mfululizo.

## Sababu za kuenea

### Gharama

Mwishoni mwa miaka ya 1990 tamthilia zilizopendwa nchini Marekani zilikuwa ghali sana. Mwaka 1998 kituo cha NBC kilikubali kulipa dola milioni 13 kwa kila sehemu moja ya *ER*, tamthilia ya hospitali. Katika misimu miwili ya mwisho ya *Friends*, iliyomalizika mwaka 2004, kila mmoja wa waigizaji wakuu sita alilipwa dola milioni 1 kwa kila sehemu. Katika miaka hiyohiyo zawadi ya mshindi wa *Survivor* ilikuwa dola milioni 1 kwa msimu mzima. Kwa maneno mengine, malipo ya mwigizaji mmoja kwa nusu saa ya vichekesho yalilingana na zawadi kuu ya shindano lililojaza wiki nyingi za matangazo.

### Migomo ya waandishi

Waandishi wa miswada wa Marekani waligoma kuanzia Machi hadi Agosti 1988, na tena kuanzia Novemba 2007 hadi Februari 2008. Wakati wa migomo hiyo vituo vilihitaji vipindi visivyotegemea miswada. *Cops* kilipata nafasi baada ya mgomo wa kwanza, na wakati wa mgomo wa pili vituo viliongeza vipindi vya uhalisia kuziba mapengo.

### Biashara ya muundo

Tamthilia huuzwa ikiwa imekamilika, na ikienda nchi nyingine huhitaji kutafsiriwa. Kipindi cha uhalisia huuzwa kama muundo: kanuni za mchezo, jina, muziki na mwongozo wa utengenezaji. Mnunuzi hutafuta washiriki wa nchi yake wanaozungumza lugha yake. Kwa njia hiyo wazo moja la Uholanzi liliweza kutengenezwa upya katika nchi nyingi bila kuonekana geni.

## Uhariri

Kamera za vipindi hivi hurekodi saa nyingi kuliko zinazoonyeshwa. Kwa *An American Family* zilirekodiwa saa 300 hivi, zikapunguzwa kuwa 12. Kwa hiyo kinachoonekana ni uteuzi, na mhariri ndiye anayeamua nani ataonekana mwema na nani mbaya.

Mbinu zinazotumika sana ni hizi: kuunganisha maneno ambayo mshiriki aliyasema nyakati tofauti, kuonyesha uso wake baada ya kauli ambayo hakuijibu wakati ule, kuondoa swali la mtayarishaji ili jibu lionekane limetoka moyoni mwa mshiriki, na kuweka muziki unaomwambia mtazamaji acheke au aogope. Watayarishaji huweza pia kuwakutanisha watu wanaojulikana kuwa na ugomvi, au kuwaomba warudie jambo lililotokea wakati kamera zimezimwa.

Kazi hiyo ya kupanga visa inafanana na kazi ya mwandishi, ingawa wanaoifanya mara nyingi hupewa cheo kingine. Mwaka 2006 wafanyakazi 12 wa kupanga visa katika *America's Next Top Model* waligoma wakitaka kutambuliwa kama wanachama wa chama cha waandishi. Hawakufanikiwa, na kazi zao zikaondolewa.

Udanganyifu katika televisheni haukuanza na vipindi vya uhalisia. Mwishoni mwa miaka ya 1950 iligundulika kwamba baadhi ya mashindano ya maswali nchini Marekani, kikiwemo kipindi cha *Twenty-One*, yalipangwa: washiriki walipewa majibu kabla ya kuingia studio. Mwaka 1960 sheria ilitungwa kukataza jambo hilo. Sheria hiyo inahusu kupanga matokeo ya mashindano. Namna ya kuhariri maisha ya mtu haimo.

## Mabadiliko ya chaneli

Athari za vipindi hivi zinaonekana wazi zaidi katika chaneli za Marekani zilizoanzishwa kwa elimu, sanaa au muziki, kisha zikaacha lengo hilo:

* TLC ilianza mwaka 1972 kama huduma ya elimu kwa njia ya setilaiti, NASA ikishiriki. Baadaye iliitwa *The Learning Channel*, yaani "chaneli ya kujifunzia". Mwaka 1991 ilinunuliwa na kampuni ya Discovery. Baada ya mwaka 2000 ilijulikana zaidi kwa vipindi vya familia, kama *Jon & Kate Plus 8* na *Here Comes Honey Boo Boo*.
* Bravo ilianza mwaka 1980 kwa filamu na sanaa za jukwaani. Tangu mwaka 2006 inajulikana kwa mfululizo wa *The Real Housewives*, kuhusu wanawake matajiri na ugomvi wao.
* MTV ilianza mwaka 1981 kwa video za muziki. Kidogokidogo video zikapungua na vipindi vya uhalisia vikachukua nafasi yake.
* History ilianza mwaka 1995 kwa filamu za historia. Mwaka 2009 ilianzisha *Pawn Stars*, kuhusu duka la rehani mjini Las Vegas.

Mabadiliko haya yalikuja polepole. Kipindi kimoja kilichopata watazamaji wengi kwa fedha kidogo kilifuatwa na kingine cha aina hiyo, na kila saa iliyoongezwa iliondolewa kwa kipindi cha zamani. Majina ya chaneli yalibaki au yakafupishwa, kama TLC, ambayo leo husomwa kama herufi tatu tu.

## Mjadala kuhusu ubora

Malalamiko kwamba televisheni imeharibika ni ya zamani kuliko vipindi vya uhalisia. Tarehe 9 Mei 1961 Newton Minow, mwenyekiti wa tume ya mawasiliano ya Marekani, aliwahutubia wenye vituo na kuifananisha televisheni yao na jangwa pana. Wakati huo alilalamikia mashindano ya maswali, filamu za wachunga ng'ombe, ukatili na wingi wa matangazo ya biashara.

Wanaopinga hoja ya kushuka kwa ubora hutaja pia tamthilia mpya. *The Sopranos* ilianza kwenye HBO mwaka 1999, mwaka uleule wa *Big Brother*. Ilifuatwa na *The Wire* (2002), *Mad Men* (2007) na *Breaking Bad* (2008), ambazo wahakiki wengi huzihesabu miongoni mwa tamthilia bora zilizowahi kutengenezwa kwa televisheni.

Hoja hizi mbili hazipingani kabisa. Tamthilia hizo zilitoka kwenye chaneli za kulipia, huku vituo vya bure vikijaza saa nyingi kwa vipindi vya gharama ndogo. Aliyeweza kulipa alipata uteuzi mzuri kuliko wazazi wake. Asiyeweza aliona uteuzi ukipungua. Kwa hiyo swali la ubora wa televisheni ni pia swali la nani anayeufikia.

Vilevile si vipindi vyote vya uhalisia vinavyolingana. Mashindano ya upishi, uokaji au ushonaji huweza kufundisha kazi na kumheshimu mshiriki. Lawama kubwa huelekezwa kwa vile vinavyotegemea aibu na ugomvi.

## Madhara kwa washiriki

Mshiriki hawezi kujitenga na sehemu yake kama mwigizaji anavyoweza, kwa kuwa hutumia jina lake na uso wake mwenyewe. Mwaka 1997 mshiriki wa kwanza kutolewa katika *Expedition Robinson* alijiua kabla kipindi hakijaonyeshwa. Nchini Uingereza *The Jeremy Kyle Show*, kilichowapambanisha wanafamilia mbele ya hadhira, kilisimamishwa na ITV mwezi Mei 2019 baada ya mshiriki mmoja kufariki. Bunge la nchi hiyo lilifanya uchunguzi, na kuanzia Aprili 2021 mamlaka ya utangazaji, Ofcom, inavitaka vituo kulinda ustawi wa washiriki.

Suala lingine ni haki za kazi. Mwezi Juni 2009 mahakama ya juu ya rufani ya Ufaransa iliamua kwamba washiriki wa *L'Île de la tentation*, kipindi cha kuwajaribu wapenzi kisiwani, walikuwa wafanyakazi na walistahili mkataba wa kazi. Uamuzi huo uligusa msingi wa biashara yenyewe, kwa sababu unafuu wa vipindi hivi hutokana na kuwachukulia washiriki kama wageni au wachezaji badala ya wafanyakazi.

## Afrika

*Big Brother Africa* kilianza mwaka 2003 kupitia M-Net na DStv, kikiwa na washiriki kutoka nchi 12. Mshindi wa kwanza alikuwa Cherise Makubale wa Zambia, akifuatiwa na Mwisho Mwampamba wa Tanzania. Mwaka huohuo Bunge la Malawi lilipiga kura kukizuia kipindi hicho kwenye televisheni ya taifa kwa sababu za maadili, lakini mahakama ikatengua zuio hilo. Watanzania wawili walishinda baadaye: Richard Bezuidenhout mwaka 2007 na Idris Sultan mwaka 2014.

Katika Afrika Mashariki mashindano ya kuimba yalipata umaarufu mkubwa, hasa *Tusker Project Fame*, kilichoanza Nairobi mwaka 2006, na *Bongo Star Search* cha Tanzania. Mwaka 2022 Netflix ilianza *Young, Famous & African*, ambamo wameshiriki Diamond Platnumz wa Tanzania na Zari Hassan wa Uganda.

Hapa njia ilikuwa tofauti na ya Marekani: *Big Brother Africa* kiliingia kupitia televisheni ya kulipia, na aliyetaka kulifuatilia jumba usiku na mchana alihitaji king'amuzi na malipo ya kila mwezi.

## Tazama pia

* Televisheni
* Tamthilia
* Filamu
* Utangazaji