Hukumu ya Siku Moja

Wengi wetu tumepata kuwaona katika senema samurai wa Kijapani, panga mbili kiunoni, wakikatana usiku na mchana. Mtazamaji hudhani kwamba chini ya mashoguni visiwa vile havikujua ila vita. Historia yasema vingine. Tokugawa Ieyasu alitwaa cheo cha ushoguni mwaka 1603, na ukoo wake ukatawala hadi mwaka 1867. Tangu uasi wa Shimabara ulipozimwa mwaka 1638, zilipita zaidi ya karne mbili bila ya vita vikubwa. Samurai wengi wa zama hizo walishika kalamu kuliko upanga, na ujira wao ulipimwa kwa mchele.

Ni katika amani hiyo ndimo kilimozuka kisa mashuhuri kuliko vyote vya samurai. Mwezi wa Aprili, mwaka 1701, wajumbe wa mfalme walikuwa wakipokewa katika ngome ya shoguni Tsunayoshi mjini Edo, ambao leo ni Tokyo. Asano Naganori, mtawala wa jimbo la Ako, alimrukia Kira Yoshinaka, mkuu wa taratibu za heshima, akamjeruhi kwa upanga mfupi. Kuchomoa upanga ndani ya ngome ilikuwa ni kosa la kifo. Asano alisema tu kwamba ana kinyongo. Na kabla ya siku kwisha alikwisha amriwa kujipasua tumbo. Jimbo lake likatwaliwa, na watumishi wake wakawa maronin, yaani samurai wasio na bwana wala riziki. Kira hakuguswa, kwa kuwa hakuchomoa upanga. Lakini desturi ya kale ya samurai ilitaka wagombanao waadhibiwe wote wawili, na hapo ndipo uchungu ulipoanzia.

Oishi Yoshio, aliyekuwa mkuu wa watumishi wa Asano, alisubiri karibu miaka miwili. Usiku wa kuamkia tarehe 31 Januari, mwaka 1703, watu 47 waliivamia nyumba ya Kira, wakamwua, wakakipeleka kichwa chake kwenye kaburi la bwana wao katika hekalu la Sengakuji. Kisha wakajisalimisha.

Safari hii Serikali haikufanya haraka. Kwa wiki kadhaa wakuu na wanazuoni walijadiliana: je, watu hawa ni watiifu wa kusifiwa, au ni wavunja sheria? Mwanachuoni Ogyu Sorai alishauri kwamba sheria isipindwe, ila wafe kifo cha heshima. Mwezi wa Machi watu 46 walijiua kwa amri, mmoja alisamehewa.

Wakuu walidhani shauri limekwisha, kumbe lilikuwa limehamia mahakama nyingine. Serikali ilikataza mambo ya samurai wa wakati ule kuchezwa jukwaani. Watunzi wa Osaka wakakirudisha kisa nyuma hadi karne ya 14, wakabadili majina, na mwaka 1748 wakautoa mchezo wa wanasesere uitwao Kanadehon Chushingura. Fumbo mfumbe mjinga, mwerevu atang'amua. Hapakuwa na mtazamaji asiyejua nani ni nani. Wafanyabiashara na mafundi, ambao sheria iliwaweka chini ya samurai, walilipa kiingilio na kuihukumu upya hukumu ya shoguni.

Baada ya vita vya mwaka 1945, Wamarekani waliokuwa wakiitawala Japani nao waliuzuia mchezo huo, wakiuona unachochea kisasi na utii wa kikabaila. Mwaka 1947 ulirudi jukwaani. Umekwisha tengenezewa filamu nyingi, ikiwamo ya Mizoguchi Kenji ya miaka ya 1941 na 1942, na nyingine ya Marekani ya mwaka 2013. Kila Desemba watu hufurika Sengakuji kufukiza ubani makaburini.

Hata hivyo, hapana budi tuseme kwamba jukwaa nalo huweza kudhulumu. Mchezo ulimfanya Kira kuwa mwovu asiye na chembe ya utu, ilhali katika ardhi yake mwenyewe, iliyo leo katika mkoa wa Aichi, wenyeji wamemkumbuka kuwa bwana mwema aliyewajengea tuta la kuzuia mafuriko. Yeye pia hakupata kusikilizwa.

Hapo ndipo penye funzo kwa kila mwenye dhamana ya kuamua juu ya watu. Hukumu ya siku moja, isiyouliza wala kueleza, haikuleta utulivu uliotarajiwa. Ilizaa kisasi, na kisasi kikazaa hadithi iliyoishi kuliko ushoguni wenyewe. Mtawala aweza kuufunga mdomo wa msemaji na mlango wa jumba la michezo, lakini hawezi kuwaamrisha watu waridhike na jambo ambalo hawakuelezwa haki yake.