Mario: Gemu inayofundisha bila kusema neno

Gemu ya Super Mario Bros. ilitoka Japani mwaka 1985, ikiwa kazi ya kampuni ya Nintendo iliyoongozwa na mbunifu Shigeru Miyamoto. Ina hatua 32, lakini siri yake yote imo katika hatua ya kwanza.

Hakuna maelekezo yoyote. Mario anasimama kushoto mwa skrini na mbele yake pako wazi, hivyo mchezaji anaelewa kwamba safari ni ya kulia. Mara anatokea adui mdogo aliyekunja uso. Ukimgusa unakufa, ukimrukia kichwani, anabondeka.

Mbele kidogo kuna tofali lenye alama ya kuuliza. Ukiligonga kutoka chini, unatoka uyoga unaoteleza kulia, unagonga bomba na kukurudia. Ukikugusa, Mario anakuwa mkubwa.

Hata hatari inafundishwa kwa hatua. Kwanza unaruka kati ya ngazi mbili zenye ardhi katikati, ukianguka, huumii. Baadaye zinakuja ngazi kama zile, ila katikati ni shimo. Hapo unapoteza uhai mmoja kati ya mitatu.

Wakati huo saa inahesabu kushuka kutoka 400, na skrini hairudi nyuma. Ulichokipita umekipita.

Wawili wanaweza kucheza kwa kupokezana, mmoja akiwa Mario na mwingine Luigi, ndugu yake. Watoto wasioelewana kwa lugha hawahitaji mkalimani: anayesubiri zamu hujifunza kwa kuona mwenzake alipoangukia.