Kwa Nini Dola ya Karatasi Haing'oki

Mwaka 1979 serikali ya Marekani ilitoa sarafu ya dola moja yenye sura ya Susan B. Anthony, mwanamke aliyepigania haki ya wanawake kupiga kura. Ilikuwa na kipenyo cha milimita 26.5, karibu sawa na ile ya senti 25 yenye milimita 24.3. Rangi zilifanana, na zote zilikuwa na michirizi ukingoni, kwa hiyo aliyepapasa mfukoni alizichanganya kwa urahisi. Watu wakaikwepa. Mwaka 2000 ikaja yenye sura ya Sacagawea, mwanamke wa jamii ya wenyeji asilia wa Marekani; ilikuwa ya rangi ya dhahabu na ukingo laini. Mwaka 2007 zikaanza za marais. Kasoro ya awali ilikwisha, lakini nazo zilirudi benki. Mwishoni mwa 2011, zaidi ya bilioni moja zikiwa zimelala kwenye maghala ya Benki Kuu, serikali ikaacha kuzitengeneza kwa ajili ya mzunguko.

Wengi husema Wamarekani wameng'ang'ania mila tu. Naona maelezo hayo hayatoshi. Kanada ilileta sarafu ya dola mwaka 1987, na miaka miwili baadaye ikaacha kutoa noti yake. Uingereza iliiondoa noti ya pauni moja mwaka 1988. Huko nako watu walinung'unika, kisha wakazoea, kwa kuwa noti haikuwepo tena. Marekani ilileta kipya na kukiacha cha zamani palepale. Mtu atabebaje chuma kizito wakati karatasi nyepesi inanunua kitu kilekile? Vipimo vya metriki vilikwama vivyo hivyo: sheria ya 1975 iliyafanya mabadiliko kuwa ya hiari, bodi ya kuyasimamia ikavunjwa mwaka 1982, na hadi leo vibao vya barabarani vinahesabu maili.

Atakayeshikilia hoja ya mila aitazame senti moja, iliyobeba sura ya Rais Lincoln tangu 1909. Kuitengeneza kulifika kugharimu karibu senti nne. Novemba 2025 kiwanda cha Philadelphia kilipiga za mwisho za matumizi ya kawaida. Maduka yalihangaika na chenji, lakini biashara haikusimama. Noti ya dola moja, kwa upande wake, ina watetezi wenye maslahi: karatasi yake ya pamba na kitani hutoka kampuni ya Crane ya Massachusetts tangu 1879, na wabunge wa jimbo hilo wameipigania waziwazi.

Hata hivyo, kusita huku kuna upande wa heshima. Marekani haijafuta uhalali wa noti zake zilizotolewa tangu 1861. Kenya iliifuta noti ya zamani ya shilingi 1,000 mwaka 2019, na Tanzania iliweka mwisho wa kubadilisha noti zake za zamani kuwa Aprili 2025. Ahadi hiyo ya Marekani ni sababu mojawapo ya watu wa mbali kuweka akiba kwa dola. Kwa hiyo wewe uliyekataliwa dola zako kwenye duka la kubadilisha fedha kwa kuwa ni za miaka ya tisini, usikubali kuambiwa zimekufa. Zilizo halisi bado ni fedha halali kwa thamani yake yote; tafuta benki itakayozipokea kabla ya kuziuza kwa bei ya kutupa.