Je, Wajua? Wells, Jiji la Chemchemi

Je, wajua kwamba England ina jiji lenye wakazi wapatao 12,000 tu? Ni Wells, mkoani Somerset. Ukiacha kile kiini cha kale cha London, hakuna jiji dogo kuliko hilo England nzima. Jina lake limetokana na chemchemi zinazobubujika hadi leo katika bustani ya jumba la askofu.

Mwaka 1451 Askofu Thomas Bekynton aliwaruhusu wenyeji wayavute maji hayo mpaka sokoni. Bado yanatiririka kwenye vijifereji vya High Street, mbele ya maduka.

Na je, wajua kwamba bata maji wa hapo hupiga kengele wakitaka chakula? Jumba la askofu limezungukwa na handaki la maji, na kwenye ukuta wa lango inaning'inia kengele yenye kamba. Katikati ya karne ya 19 binti wa askofu aliwafundisha ndege hao kuivuta kwa mdomo.

Ukiingia kanisa kuu, lililoanza kujengwa yapata 1175, inua macho. Mnara ulipoongezwa kimo mwanzoni mwa karne ya 14, msingi ulielemewa na nyufa zikajitokeza. Kati ya 1338 na 1348 fundi William Joy akapachika tao juu ya tao, la juu likiwa limepinduliwa, mfano wa mkasi uliofunguliwa. Yalikuwa matengenezo ya dharura, na kwangu hakuna kitu kizuri zaidi ya hicho humo ndani.

Saa ya kanisa ni ya takriban 1390. Uso wake una saa zote 24: saa sita mchana iko juu, saa sita usiku iko chini. Kila robo saa wapanda farasi hutoka wakipigana, na anayeangushwa ni yuleyule siku zote.

Jirani kuna Vicars' Close, mtaa ulioanzishwa mwaka 1348 kwa ajili ya waimbaji wa kanisa. Waimbaji wanaishi humo hata sasa.

Mwanariadha Mary Rand naye ni mzaliwa wa Wells. Tokyo, 1964, aliruka umbali wa mita 6.76, rekodi ya dunia ya wakati huo, akawa mwanamke wa kwanza wa Uingereza kutwaa dhahabu ya Olimpiki katika riadha. Urefu wa mruko huo umewekewa alama chini, pale sokoni. Simama unapoanzia, kisha tazama unapoishia.