Kwa nini vifaa vingi vya ajabu huishia kwenye picha

KILA baada ya muda, picha ya kifaa kisichowahi kuonekana huenea kote na kuwaacha watu vinywa wazi. Mara ni simu inayokunjwa na kuvaliwa mkononi kama bangili, mara ni taa inayowashwa kwa uzani wa mfuko wa mchanga.

Miezi hupita, kisha miaka, na kifaa hicho hakionekani dukani. Wengi hudhani kwamba walidanganywa. Ukweli ni kwamba vifaa vya aina hii vina kazi zake, na sababu zinazovifanya vikwame zinajulikana. Ni sababu ambazo kijana yeyote wa Kenya mwenye ndoto ya uvumbuzi anafaa kuzielewa kabla hajatumia akiba yake.

Kwanza, yafaa kutofautisha hatua tatu. Dhana ni wazo lililochorwa au kuundwa kwa mfano ili watu waone kinachowezekana. Sampuli ya majaribio ni kifaa kimoja au vichache vinavyofanya kazi kweli. Bidhaa ni kitu kinachotengenezwa kwa maelfu, kinachouzwa kwa bei inayolipika na ambacho kikiharibika kuna mtu wa kukitengeneza. Safari kutoka hatua ya kwanza hadi ya tatu ndiyo inayomeza wengi.

Kampuni nyingine huunda dhana bila kunuia kuiuza. Mnamo 2008, kampuni ya Nokia kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Cambridge cha Uingereza ilionyesha Morph, simu ya kufikirika ambayo ingenyooshwa, kukunjwa na kuzungushwa kwenye kifundo cha mkono. Ilikuwa miongoni mwa vitu vilivyowekwa katika maonyesho ya jumba la sanaa za kisasa la MoMA jijini New York. Lengo lilikuwa kueleza utafiti wa vitu vidogo mno visivyoonekana kwa macho ungeweza kufikisha simu wapi. Morph haikuwahi kuuzwa, na haikukusudiwa kuuzwa.

Simu ya vipande

Kisa kinachofunza zaidi ni cha simu ya vipande. Mnamo Septemba 2013, mbunifu wa Uholanzi, Dave Hakkens, alisambaza video fupi ya dhana aliyoiita Phonebloks. Wazo lake lilikuwa rahisi: kila kiungo cha simu kiwe kipande kinachochomekwa kwenye ubao mmoja. Kamera ikiharibika, mwenye simu anunue kamera pekee. Betri ikichoka, aing'oe na kuchomeka nyingine.

Mamilioni ya watu waliitazama video hiyo. Mwezi uliofuata kampuni ya Motorola, wakati huo ikimilikiwa na Google, ilitangaza mradi wake wa Ara uliokuwa na nia kama hiyo. Waliouongoza walitumaini kwamba simu ya msingi ingegharimu takriban dola 50 za Marekani kuitengeneza.

Ugumu ulijitokeza kazi ilipoanza. Katika simu ya kawaida, viungo hubanwa pamoja na kuunganishwa moja kwa moja ili vichukue nafasi ndogo. Simu ya vipande huhitaji kila kiungo kiwe na kasha lake, viunganishi vyake na kitu cha kukishikilia kisidondoke. Kwa sababu hiyo, simu huwa nene na nzito zaidi. Isitoshe, kila kiunganishi ni mahali pengine ambapo vumbi, unyevu au kutikisika kunaweza kukata mawasiliano.

Jaribio lililopangiwa kisiwa cha Puerto Rico mwaka wa 2015 halikufanyika. Kufikia Mei 2016, waunda Ara walikuwa wamebadili mpango: akili ya simu, betri na kioo sasa vingekuwa sehemu ya kiunzi chenyewe, visiweze kubadilishwa. Kwa maneno mengine, viungo ambavyo mnunuzi angetamani zaidi kuvibadilisha ndivyo vilivyofungiwa ndani. Mnamo Septemba mwaka huo mradi ulisimamishwa.

Hata hivyo, wazo halikufa. Kampuni ya Fairphone ya Amsterdam ilitoa mwaka wa 2015 simu ambayo mnunuzi angeweza kuifungua mwenyewe na kubadilisha kioo, betri au kamera. Tofauti na Ara, Fairphone haikujaribu kumpa mteja uhuru wa kuunda simu aitakayo. Ilichagua jambo dogo linalowezekana, yaani urahisi wa kutengeneza. Kizuizi kilichobaki ni bei. Fairphone 5 ilipozinduliwa mwaka wa 2023 iliuzwa kwa yuro 699, kiasi kisichofikiwa na wengi.

Sheria nayo imeingilia kati. Muungano wa Ulaya uliweka Februari 18, 2027 kuwa tarehe ya kuanza kutekeleza kanuni kwamba betri za vifaa vingi vidogo ziweze kutolewa na mtumiaji mwenyewe, ingawa kanuni hiyo ina misamaha. Kwa Kenya, ambako mafundi wa barabara ya Luthuli jijini Nairobi na wenzao katika miji mingine hufufua simu kila siku, suala hili si la anasa. Simu inayofunguka kwa bisibisi humpa fundi riziki. Iliyogundishwa kwa gundi huenda jaani mapema.

Taa ya mfuko wa mchanga

Kizuizi cha pili ni kanuni za maumbile, ambazo hazijali uzuri wa wazo. Mfano mzuri ni GravityLight, taa iliyobuniwa jijini London na Martin Riddiford na Jim Reeves ili kuchukua mahali pa koroboi. Mtumiaji huinua mfuko uliojazwa mchanga au mawe, nao hushuka polepole ukizungusha gia na jenereta ndogo inayowasha taa ya LED. Hakuna mafuta taa, hakuna moshi, hakuna betri.

Mwishoni mwa 2012 waliomba michango ya umma ya dola 55,000 na kupata takriban dola 400,000. Baadaye taa hiyo ilizungushwa Kenya na kuonyeshwa vijijini.

Hesabu, lakini, ni kali. Mfuko wa kilo 12 ulioinuliwa mita 1.8 huhifadhi takriban jouli 212 za kawi. Ukishuka kwa dakika 25, hutoa takriban wati 0.14, tena kabla ya kutoa kiasi kinachopotea katika gia. Mwangaza huo unatosha kusomea ukiwa karibu, lakini hauwezi kuangaza chumba kizima wala kuchaji simu.

Linganisha na kipande kidogo cha sola cha wati moja. Kikipata jua kamili kwa saa tano hukusanya jouli 18,000. Ili kupata kiasi hicho kwa mfuko, mtu angelazimika kuuinua takriban mara 85. Bei ya sola na ya betri ilipozidi kushuka, nafasi ya taa ya mfuko ilizidi kuwa finyu. Wabunifu wenyewe walilitambua hilo, na kifaa chao kilichofuata, NowLight, huhifadhi kawi katika betri na hukubali kuchajiwa kwa jua.

Haya hayaondoi sifa ya GravityLight. Ilionyesha kwamba taa inaweza kuwaka usiku bila mtu kungoja jua au kununua mafuta. Mgala muue na haki yake umpe.

Redio ya kuzungusha

Kizuizi cha tatu hakihusu ufundi bali umiliki. Mnamo 1991 Mwingereza Trevor Baylis alitazama kipindi cha runinga kuhusu kuenea kwa UKIMWI barani Afrika. Alisikia kwamba redio ingesaidia kueneza mafunzo, ila betri zilikuwa ghali na umeme haukuwepo. Akaunda redio inayoendeshwa kwa kamani, kama saa za zamani. Msikilizaji angezungusha mkono wa redio kwa muda mfupi, nayo kamani ingejikunjua polepole na kuzungusha jenereta.

Kampuni kadhaa zilimkataa. Mwaka wa 1994 kipindi cha BBC, Tomorrow's World, kilimwonyesha, na wawekezaji wakajitokeza. Kiwanda cha BayGen kilianzishwa Cape Town, Afrika Kusini, na kuwaajiri watu wenye ulemavu miongoni mwa wafanyakazi wake. Redio hiyo ilifika katika nchi nyingi.

Mchumia juani hulia kivulini, wasema wahenga, lakini Baylis hakukifikia kivuli hicho. Hataza yake ililinda matumizi ya kamani. Miundo ya baadaye ilipotumia mkono wa kuzungusha kuchaji betri badala ya kamani, ulinzi wake ulikosa nguvu. Kabla ya kufariki mwaka wa 2018, alikuwa amelalamika hadharani kwamba uvumbuzi wake haukumtajirisha, na akatetea sheria kali zaidi za kuwalinda wavumbuzi.

Nchini Kenya, Sheria ya Mali ya Kiviwanda ya 2001 humpa mwenye hataza ulinzi wa miaka 20 tangu anapowasilisha ombi kwa taasisi ya KIPI. Aidha, inatambua maboresho madogo ya vifaa vilivyopo, ambayo hulindwa kwa muda mfupi zaidi. Funzo la Baylis ni kwamba ombi lisieleze tu njia moja ya kufanya jambo, huku njia nyingine zikiachwa wazi kwa yeyote apitaye.

Jiko lililofaulu

Kifaa kilichovuka vizuizi hivi kimo katika nyumba nyingi za Wakenya. Ni jiko la makaa lenye bati nje na udongo uliochomwa ndani, lililoanza kuenea mapema miaka ya 1980. Wazo la udongo lilitoka Thailand, umbo likarekebishwa kufuata jiko la bati ambalo wapishi walikuwa wamelizoea.

Majiko ya kwanza yalikuwa na kasoro, udongo ukipasuka. Waliopika nayo walisikilizwa na yakarekebishwa, hadi likapatikana umbo lenye kiuno chembamba linalosimama imara sufuria inaposongewa ugali. Hupunguza makaa kwa kiasi kikubwa, na mafundi wa jua kali katika maeneo kama Shauri Moyo waliweza kulitengeneza kwa zana walizokuwa nazo.

Jiko hilo halikuwekewa hataza. Uhuru huo ulilieneza haraka, lakini pia ulifungua mlango kwa majiko duni yaliyoigwa bila vipimo. Hakuna njia isiyo na gharama yake.

Kwa hivyo, kifaa kipya kinapozua gumzo, yapo maswali matatu ya kuuliza. Je, hesabu ya kawi na uzani inakubali? Je, kikiharibika, fundi wa karibu anaweza kukitengeneza? Na je, aliyekibuni amelindwa, au wengine watavuna alichopanda? Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Kifaa kinachojibu maswali hayo vyema huenda kisipendeze pichani, lakini ndicho kitakachokutwa jikoni miaka 40 baadaye.