Kwa nini jetiski hunguruma vyema nchi kavu na kuzimika majini

PIKIPIKI ya majini, ijulikanayo na wengi kama jetiski, yaweza kunguruma vizuri ikiwa juu ya trela, lakini mara itiwapo majini ikaanza kukohoa, kutetemeka na hatimaye kuzimika kila mwendeshaji anapopunguza kasi.

Wanaokodisha vyombo hivi katika fuo kama za Nyali na Diani huenda wakaiona hitilafu hiyo kuwa kero ndogo inayomalizwa kwa kuwasha injini upya. Hata hivyo, suala hili linahusu uhai wa watu.

Jetiski haina usukani unaokata maji kama wa mashua. Kinachoigeuza ni mkondo wa maji unaotemwa kwa nguvu kutoka nyuma yake. Injini inapozimika, mkondo huo hukatika na chombo huendelea kuteleza kilikokuwa kikielekea, hata mwendeshaji akikunja mpini namna gani. Ikiwa mbele kuna waogeleaji au miamba, hana njia ya kukwepa.

Sababu ya injini kubadilika tabia ni mzigo. Nchi kavu, rafadha iliyo ndani ya bomba la nyuma huzunguka hewani bila kizuizi. Majini, rafadha hiyo hulazimika kusukuma maji tangu injini inapowaka, kwani katika jetiski nyingi imeunganishwa na injini moja kwa moja, bila gia ya kuitenganisha. Isitoshe, tundu la kutolea moshi huwa limezama, hivyo moshi hutoka kwa shida zaidi.

Kwa sababu hiyo, baadhi ya injini za mipigo miwili ambazo huzunguka mara 1,500 hivi kwa dakika zikiwa majini bila kuongezwa kasi, hufikia mara 3,000 nchi kavu. Fundi anayezirekebisha juu ya trela hadi zifikie 1,500 atashangaa zikizimika ufuoni.

Kosa jingine ni kukaza skrubu ya kabureta ili injini ingurume kwa kasi zaidi. Hatua hiyo huficha ugonjwa badala ya kuutibu. Aidha, jetiski isiyo na gia huanza kusonga punde injini inapowaka, na kasi ikizidi yaweza kuwarukia watu walio karibu na gati.

Busara ni kuanza uchunguzi na mambo yasiyo na gharama. Kwanza, fundi azime injini, aondoe kamba ya usalama, kisha atazame bomba la nyuma. Kipande cha kamba, uzi wa nyavu au mwani uliojisokota kwenye rafadha huongeza mzigo na kuilemea injini.

Pili, achunguze petroli. Mafuta yaliyokaa miezi mingi tangini hupoteza nguvu na kuacha utando unaonata. Maji ya chumvi nayo huweza kupenya kupitia kifuniko kisichofungwa barabara. Chujio na mipira ya mafuta pia ikaguliwe, kwa maana ufa mdogo huingiza hewa na kuinyima injini petroli.

Tatu ni plagi. Iliyolowa na kuwa nyeusi huashiria petroli nyingi kupita kiasi au cheche dhaifu, ilhali nyeupe kupindukia huashiria kwamba petroli haitoshi. Nyaya na viungio vyake visafishwe kutu na chumvi.

Ikiwa haya yote ni sawa, kabureta ndiyo ya kushukiwa. Ndani yake mna vitundu vyembamba vinavyopitisha petroli injini inaponguruma polepole. Vikiziba, injini huenda ikakimbia vyema kwa kasi kubwa, ikafa kasi inapopunguzwa. Dawa yake ni kuifungua na kuisafisha. Katika injini mpya zinazodhibitiwa na kompyuta, sehemu ya kuingizia hewa ndiyo husafishwa, na hitilafu kusomwa kwa kifaa maalumu.

Yapo pia maradhi ya bomba la moshi. Chombo kikiwa kimefungwa imara majini, fundi aweza kuondoa kiti injini ikinguruma. Ikitulia kiti kinapoondolewa, huenda moshi unavuja ndani ya chombo na injini inauvuta badala ya hewa safi. Moshi huo una gesi ya kaboni monoksaidi, ambayo huua bila kutoa harufu. Jaribio hili lifanywe mahali pa wazi, na kiti kifunguliwe kwa muda kabla ya kuwasha injini ili mvuke wa petroli utoke.

Hatimaye, mgandamizo wa silinda upimwe. Silinda moja ikiwa dhaifu sana kuliko wenzake, pistoni au ringi zimechakaa, na hakuna marekebisho ya kabureta yatakayosaidia.

Marekebisho ya mwisho ya kasi yafanywe majini, chombo kikiwa kimefungwa kwa kamba na kina kikiwa angalau sentimita 90 chini yake, ili kisivute mchanga.

Kinga nayo ni bora kuliko tiba. Kila jioni injini isafishwe kwa maji baridi yasiyo na chumvi. Kwa jetiski nyingi zinazopozwa kwa maji ya bahari, injini huwashwa kabla ya mfereji kufunguliwa, na mfereji hufungwa kabla ya injini kuzimwa, la sivyo maji yaweza kuingia kwenye silinda.

Jetiski inayozimika ovyo isikabidhiwe mteja, hata kama foleni ni ndefu. Fedha za siku moja haziwezi kulinganishwa na maisha ya muogeleaji.