Kompyuta Kuukuu na Seva Mpya: Jinsi Tulivyoziunganisha

Kila msafiri wa nchi hii aijua Chalinze. Mabasi yatokayo Dar es Salaam hufika hapa yakagawana njia: mengine hushika ya Morogoro, mengine hukata kulia kwenda Segera, Tanga na Arusha. Sisi tulalao bwenini husikia malori usiku kucha. Kwa hiyo nilidhani kwamba mambo ya njia nayajua sana: ikiwa barabara ipo na gari ni zima, mzigo utafika. Muhula huu nimejifunza kwamba sivyo, na ningependa kuwaeleza wasomaji jinsi nilivyojifunza.

Katika ofisi ya taaluma ya shule yetu iko kompyuta moja kuukuu, yenye Windows XP ya mwaka 2001. Ndani yake mna programu ya kujumlisha alama, na programu hiyo haikubali kufanya kazi katika mashine za siku hizi. Mwaka huu shule ilipata seva mpya, yaani kompyuta kuu ya kuhifadhia mafaili ya ofisi zote, ambayo huwekewa nakala ya akiba kila usiku. Mwalimu wa Taaluma alitaka alama zote zihifadhiwe humo, kwa kuwa ile kuukuu ilikwisha kuanza kukoroma, na siku ikifa ingekufa na alama zetu. Ripoti za wazazi zilikuwa zinangojewa. Mwalimu wetu wa Kompyuta alinipa mimi kazi ya kumsaidia, na akaniamini kwa neno la siri la seva.

Tulifunga waya kutoka kompyuta kuukuu hadi kwenye swichi ya mtandao. Kisha tukaijaribu njia. Kuna amri iitwayo ping, ambayo ni kama kupiga hodi: kompyuta moja huita, nyingine huitikia. Seva iliitikia mara moja. Basi waya ulikuwa mzima na anwani ilikuwa sahihi. Lakini tulipotaka kufungua folda ya alama, kompyuta ilijibu kwamba jina lile la mtandao halipatikani tena. Tulirudia mara nyingi, jibu likawa lile lile. Hodi inaitikiwa, mlango haufunguliwi!

Sababu yake ni hii. Kompyuta zikitaka kupeana mafaili hutumia lugha maalumu. Katika ofisi nyingi lugha hiyo ni SMB, iliyobuniwa na Barry Feigenbaum wa kampuni ya IBM huko Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1980. Tangu hapo imekua na kubadilika. SMB ya pili ilikuja na Windows Vista mwaka 2006, na ya tatu ikaja mwaka 2012, ikiwa na uwezo wa kuyaficha maneno njiani ili mdukizi asiyasome. Mafundi wenyewe huziita namna hizi lahaja, kama sisi tusemavyo Kimvita na Kiunguja. Kompyuta mbili zikikutana, ile inayoomba hutaja lahaja inazozijua, na seva huchagua iliyo bora ambayo wote wawili wanaijua. Windows XP hujua lahaja za SMB ya kwanza tu. Seva yetu haikuwekewa kabisa SMB ya kwanza, kwa kuwa tangu mwishoni mwa mwaka 2017 matoleo mapya ya Windows kwa ajili ya seva huja bila lahaja hiyo. Basi seva iliposikia maneno ya kizee ilikata mazungumzo bila ya kujibu.

Sasa naja kwenye kosa langu, na sitalificha. Jumamosi moja Mwalimu alisafiri kwenda Bagamoyo. Mimi nilikwisha soma kwamba lahaja ya kizamani yaweza kurudishwa katika seva kwa hatua chache tu. Nikaingia, nikairudisha, nikaizima seva na kuiwasha tena. Folda ya alama ikafunguka! Niliwaita wenzangu waje waone, na jioni ile nilitembea bwaloni kama mtu aliyejenga daraja.

Jumatatu nilimwendea Mwalimu kwa furaha.

"Shikamoo Mwalimu. Ile kazi imekwisha."

"Marahaba. Imekwishaje?"

Nilimweleza. Alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza, "Mlango ule umemfungulia nani? Ile kompyuta moja, au kila mtu?"

Sikuwa na jibu. Seva ile huunganishwa pia na chumba chetu cha kompyuta, ambako kila mwanafunzi huja na flashi yake, na hakuna ajuaye imepita wapi. Nilikuwa nimemfungulia kila mmoja.

Mwalimu aliniketisha akanieleza habari ya mwaka 2017. Mnamo tarehe 12 Mei mwaka huo programu mbaya iitwayo WannaCry ilianza kuenea duniani. Iliingia kwa tundu lililokuwamo katika SMB ya kwanza, ikaruka yenyewe kutoka kompyuta hadi kompyuta bila ya mtu kubonyeza kitu. Iliyafunga mafaili, kisha ikadai fedha ili iyafungue. Katika siku chache iliingia katika kompyuta zaidi ya 200,000 katika nchi zaidi ya 150. Huko Uingereza hospitali ziliahirisha maelfu ya miadi ya wagonjwa. Nayo dawa ya tundu lile ilikwisha kutolewa na Microsoft tangu mwezi Machi, ila wengi walikuwa hawajaitumia. Wenye Windows XP hawakuwa nayo, kwa kuwa masahihisho yake yalikwisha kusimamishwa tarehe 8 Aprili 2014. Walitolewa dawa ya dharura baada ya moto kuwaka.

Nilisema, "Lakini Mwalimu, seva yetu ni mpya, tundu lile limezibwa."

"Ndiyo, lile limezibwa," akajibu. "Lakini lugha yenyewe bado ni dhaifu. Haifichi maneno, na mjanja akikaa kati ya mashine mbili aweza kuzishawishi ziongee kwa lahaja ya zamani hata kama zote mbili zinajua mpya. Je, ripoti za wanafunzi wote tuziweke nyuma ya mlango wa namna hiyo kwa sababu ya mashine moja?"

Siku ile ile aliiondoa lahaja niliyoirudisha. Hakunichapa. Alinitaka niitafute njia iliyo salama, tena niieleze mbele ya darasa. Kusema kweli, ingalikuwa nafuu kuchapwa.

Njia tuliyoipata ni ya mkalimani. Tulichukua kompyuta ya tatu, ya umri wa kati, tukaitia kadi mbili za mtandao. Ndani yake tuliweka Linux pamoja na programu iitwayo Samba, iliyoanzishwa na Andrew Tridgell huko Canberra, Australia, mwaka 1992, ambayo hutolewa bure. Kadi ya kwanza imefungwa waya uendao kwenye kompyuta kuukuu peke yake; upande huo Samba imeruhusiwa kusema lahaja ya kizamani. Kadi ya pili inaelekea kwenye seva, na upande huo husema SMB ya tatu tu. Mkalimani hapitishi mtu: kompyuta kuukuu haiwezi kuiona seva, wala intaneti, wala mashine za wanafunzi. Huweka mafaili yake kwa mkalimani, naye kila jioni huyakagua kwa programu ya kutafuta virusi, kisha huyanakili katika seva.

Tulikwama mara moja njiani. Lahaja ilipokubaliwa, neno la siri likakataliwa, ingawa tuliliandika sawasawa. Kumbe XP ina desturi ya kuthibitisha neno la siri kwa njia ya kale, ambayo Samba ya siku hizi haiikubali. Tulibadili mpangilio mmoja katika XP ili itumie njia bora iitwayo NTLMv2, nayo ikakubaliwa. Ndugu msomaji, ukikwama katika kazi kama hii fuata utaratibu huu: kwanza jaribu waya, pili anwani, tatu lugha, nne neno la siri. Usiruke hatua, maana aliyeruka hatua hubadili vitu vilivyo vizima.

Wengine watauliza, kwa nini msiitupe ile kuukuu? Nchi yetu haikuzoea kutupa mashine. Kompyuta ya kwanza ya Serikali ilifungwa katika Wizara ya Fedha mwaka 1965, na mwaka 1974 Serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, marufuku ambayo baadaye iliondolewa. Wazee wetu walijifunza kukitunza kilichopo. Hata hivyo, mkalimani ni wa muda tu. Mwalimu ameanza kuhamisha alama za zamani katika programu mpya, na kazi hiyo ikiisha ile kuukuu itapumzishwa.

Ripoti za muhula zilichelewa siku nne, nami nawaomba radhi wazazi, kwa sababu siku hizo nne zilikuwa zangu. Wenzangu wa Kidato cha III, mmoja wenu atapewa neno la siri la seva mwakani. Kabla hujafungua kitu chochote, jiulize swali nililoulizwa mimi: mlango huu namfungulia nani?

Mwanafunzi wa Kidato cha IV